Je, Wajua? Klabu za Redio Simu Zinapozima
Je, wajua kwamba tangu 1933, karibu kila Juni, klabu za redio za ridhaa nchini Marekani huenda uwanjani, zikatundika antena mitini na kurusha mawimbi kwa jenereta au betri, usiku na mchana? Zoezi hilo, Field Day, ukiliangalia utadhani ni mandari: huku nyama inachomwa, kule kijana anafundishwa kugonga Morse. Soga nazo hazikosekani. Mtu atauliza, zama hizi za simu, redio ya nini? Septemba 2017 kimbunga Maria kilizima zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu Puerto Rico, na Msalaba Mwekundu wa Marekani ukaomba waendesha redio 50 wa kujitolea. Mawimbi mafupi ya redio hizo hudunda angani juu yakarudi ardhini mbali sana, hayahitaji mnara. Ni kweli setilaiti nazo zinapunguza pengo la mawasiliano minara inapozimika. Hata hivyo, mitambo haijiendeshi. Inataka watu waliokwisha kuifunga gizani pamoja, wanaotambuana kwa sauti, na mazoea hayo huanzia kwenye hiyo mandari inayodharauliwa.