Msikiti wa Kijiji Wenye Mwaka Wake Ukutani

Jioni moja katika darasa la Kwedizinga tulikuwa tukijifunza kusoma miaka. Tuliandika ubaoni 1961, kisha 1974, kisha 2005. Mzee mmoja akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, hizo ni hesabu za juzi. Kabla ya Wajerumani nani aliandika mwaka? Sisi tulihesabu kwa njaa na kwa mvua."

Watu walicheka, lakini mzee hakuwa anatania. Alipokwenda kuandikishwa kitambulisho aliulizwa mwaka wa kuzaliwa. Hakuujua. Basi akakadiriwa tu, na jambo hilo linamwuma mpaka leo.

Hatukutaka kumjibu kwa maneno matupu. Tulimweleza habari za msikiti wa Kizimkazi.

Kizimkazi ni kijiji cha wavuvi, kusini kabisa mwa kisiwa cha Unguja. Msikiti wenyewe uko upande wa Dimbani. Ukiuona kwa nje huwezi kushtuka. Ni nyumba ndogo, imeezekwa kwa bati kama nyumba nyingine, na watu wanasali humo hata sasa. Kando yake kuna makaburi ya zamani. Mgeni anaweza kupita bila kugeuza shingo.

Lakini ukiomba ruhusa, ukavua viatu na kuingia, utaona mihirabu. Hicho ni kile kishubaka cha ukutani anapoelekea imamu wakati wa kusalisha. Hapo ukutani pamechongwa maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa kale uitwao Kikufi. Herufi zake zina pembe, na ncha zake zimepambwa kama majani. Hata anayesoma Kurani kila siku hupata taabu kuzisoma.

Maandishi hayo yanasema nini? Yanasema kwamba msikiti ulijengwa kwa amri ya Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad. Tena yanataja mwezi: Dhulkaada, ambao watu wa pwani huuita Mfunguo Pili, mwaka 500 wa Hijra.

Mwaka 500! Mama mmoja akauliza, "Basi ni wa tangu miaka mia tano baada ya Yesu?" Hapana. Hapa lazima tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapokosea.

Hesabu ya Hijra ilianza pale Mtume Muhammad alipohama Makka kwenda Madina, mwaka 622 kwa kalenda ya ofisini. Tena mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi wa angani. Una miezi 12 ya siku 29 au 30, jumla siku kama 354. Mwaka wa kalenda ya ofisini una siku 365. Ndiyo maana Ramadhani hutangulia kwa siku kama 11 kila mwaka. Mwaka huu unafunga wakati wa mavuno, baada ya miaka kadhaa utafunga wakati wa kupanda.

Sasa hebu tuchukue chaki. Miaka 500 mara siku 354 ni siku 177,000. Gawa kwa 365. Utapata karibu miaka 485. Jumlisha na 622. Jibu ni 1107.

Msikiti ule wa kijijini, basi, una tarehe ya zaidi ya miaka 900 iliyopita. Wajerumani walikuwa bado hawajafika, na Wareno pia. Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498, karibu miaka 400 baadaye. Maandishi yale ni miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa yenye tarehe katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Huko Ulaya nako kuna makanisa ya vijijini ya mawe yenye miaka 800 au zaidi. Mengi hayana mwaka ulioandikwa. Wataalamu huyakadiria kwa kutazama matao na madirisha yake, sawasawa na karani alivyomkadiria mzee wetu kwa kutazama mvi. Hata hapa mkoani kwetu, magofu ya msikiti wa Tongoni, njia ya kwenda Pangani, hukadiriwa tu kuwa ya karne ya 14 au 15.

Kuna jambo jingine la Kizimkazi tunalolipenda zaidi. Kwa kuwa herufi zile zinafanana na zile za Siraf, bandari ya kale ya Uajemi, ni rahisi kudhani kwamba kila kitu kililetwa kwa jahazi. Lakini jiwe ni tumbawe la bahari yetu. Tumbawe likikatwa baharini likiwa bichi huwa laini, unaweza kulichonga kwa chombo kidogo. Likikauka hewani linakuwa gumu. Fundi lazima awahi. Kwa hiyo wataalamu wanaona kwamba mtindo ulitoka ng'ambo, lakini kazi ilifanyika hapahapa pwani.

Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Na huo msikiti umesimama hivyohivyo tangu siku ile?" Swali zuri. La, ulijengwa upya baadaye, na waliojenga upya nao wakaacha mwaka wao palepale kwenye mihirabu: 1184 wa Hijra. Mihirabu ya zamani waliitunza.

Tukawaachia darasa wapige hesabu wenyewe. Mara 354, gawa kwa 365, jumlisha 622. Kelele zikawa nyingi, wengine wakapata elfu mbili na kitu. Bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango, mwenye kipande cha chaki kidogo kama punje ya hindi, ndiye aliyemaliza wa kwanza. Aliandika 1770 sakafuni.