Michungwa ya Muheza na Mkulima Aliyebaki Peke Yake

Katika zama hizi za ukata, ambapo bei ya dawa na ujira wa vibarua hupanda kila msimu ilhali chungwa likiwa shambani thamani yake haisogei, hapana anayestahiki kuangaliwa kwa makini katika biashara ya matunda kuliko yule mkulima wa Muheza aliyeachiwa michungwa na wazazi wake, kisha ndugu zake wakatawanyika Tanga na Dar es Salaam kutafuta riziki, naye akabaki kuwa mpalilizi, mlinzi na mwuzaji kwa pamoja.

Eka moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 ina michungwa ipatayo 80, na yote hutaka palizi na kupogolewa. Fauka ya hayo, tangu nzi wa matunda wa kigeni alipogunduliwa katika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2003, machungwa yaliyoanguka sharti yaokotwe na kufukiwa, kazi ambayo zamani watoto wa nyumba waliimaliza jioni moja, na leo hulipiwa fedha taslimu kabla tunda halijauzwa. Fedha hizo aghalabu hutoka kwa dalali, anayenunua mavuno yangali mtini, pengine hata katika maua.

Mjane mmoja anayelima peke yake alieleza malalamiko yake kwa urefu, nami naona yana haki. Mnunuzi, alisema, humjia wakati wa ada za shule, akaikadiria miti kwa macho na kukata bei. Kisha huyaacha machungwa yakining'inia hata soko la Nairobi na Mombasa lichangamke. Muda wote huo mama huyu hulinda mali isiyokuwa yake tena, na mti uliochelewa kuchumwa huzaa haba msimu unaofuata, nayo hasara hiyo haimo katika mapatano. Wachumaji nao huvunja matawi, wala hakuna anayelipa.

Madalali hujibu kuwa wao pia hubeba hatari ya ushuru, ya malori na ya mpaka wa Horohoro wa kuingilia Kenya. Ni kweli, lakini dalali anaweza kuhamia nazi au mananasi, na michungwa haihamishiki.

Afisa mmoja wa kilimo alisema kuwa hali inaendelea vyema, akataja kwa fahari wingi wa miche iliyogawiwa. Hesabu hiyo ni ya miche iliyotoka kitaluni, si ya iliyosalimika kiangazi. Na hata mche uliobebeshwa hungoja miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa cha maana. Ahadi ya kiwanda cha maji ya matunda nayo imerudiwa mno, na wakulima wameacha kuifanyia mipango. Lau kingekuwapo, kingefaa kwa machungwa madogo na yenye makovu yanayoozea chini, ingawa kiwanda nacho hutafuta tunda rahisi, wala si lazima kipandishe bei.

Kwa msimu ujao, mvua zikijaalia na mpaka ukipitika, wenye michungwa ya Valencia, aina ichelewayo kuiva, huenda wakapata bei ya kuridhisha machungwa yatakapoadimika. Bei hiyo, hata hivyo, ni ya anayeweza kungoja, na wengi wanaolima peke yao wamekwisha kupokea fedha za dalali.