Foleni Iliyofichika Ndani ya Redio ya Wi-Fi

Kompyuta inapotuma data kwa Wi-Fi, kazi hiyo hugawanywa kati ya kiendeshi, ambacho ni sehemu ya mfumo endeshi, na fimweya, yaani programu iliyopachikwa ndani ya chipu ya redio, ambayo ndiyo huamua ni lini hasa mawimbi yarushwe hewani. Kwa kuwa kiendeshi huweza kukabidhi pakiti, yaani vipande vya data, kwa kasi inayoishinda redio, na kumbukumbu ya chipu ni finyu, chipu kadhaa hutumia utaratibu wa vibali: kila mzigo unaokabidhiwa hula vibali, fimweya huvirudisha nafasi inapopatikana, na vikiisha kiendeshi husimamisha foleni. Taarifa ya kurudisha vibali ikipotea, foleni hubaki imefungwa ilhali redio haina kazi, na mtumiaji huona alama ya Wi-Fi imejaa lakini hakuna kinachopita.

Lililo baya zaidi, kwa kuwa halionekani kwa urahisi, ni fimweya kupokea mzigo kupita kiasi. Pakiti 1,000 za baiti 1,500 ni biti milioni 12, ambazo kwa kasi ya megabiti 300 kwa sekunde huisha katika milisekunde 40. Kifaa kikisogea mbali na kasi ikashuka hadi megabiti 6, foleni ileile huchukua sekunde 2 nzima, na mazungumzo ya simu yaliyokwama nyuma yake hayasikiki vizuri tena. Pakiti ikishaingia kwenye fimweya, mfumo endeshi kwa kawaida hauwezi tena kuipanga upya wala kuitupa, hata ukiwa na kanuni bora ya kudhibiti foleni kama CoDel, iliyotungwa na Kathleen Nichols na Van Jacobson na kuchapishwa mwaka 2012.

Ndiyo maana kuhesabu pakiti hakutoshi, na kipimo cha haki ni muda wa hewani. Mfumo endeshi wa Linux ulianza kuweka kikomo cha baiti zinazokabidhiwa kifaa cha mtandao katika toleo 3.3 la mwaka 2012, kikomo kilichofaa zaidi mitandao ya waya, kisha toleo 5.5 la mwaka 2020 likaongeza njia ya kukadiria muda ambao pakiti zilizokwisha kukabidhiwa zitautumia hewani, ili zinazozidi zisubiri upande wa mfumo endeshi. Hata hivyo kikomo hicho cha muda hakipaswi kubana mno, kwa sababu tangu kiwango cha 802.11n cha mwaka 2009 redio hufunga pakiti nyingi katika mrusho mmoja, na ikikosa za kufunga hupoteza muda mwingi ikigombea zamu ya kurusha.