Mwenye Nyumba Akisafiri, Nani Anafagia Ua?

Mfanyabiashara wa Muyinga, Burundi, anayevuka mpaka wa Kobero kwenda Ngara, Tanzania, kufuata bidhaa huondoka alfajiri. Anafunga mlango, anatikisa kufuli mara mbili, anashika njia. Siku ya tatu majani ya mparachichi yamejaa kizingitini, vumbi la uani halina unyayo mpya, na jioni hakuna moshi jikoni ilhali kwa jirani maharage yanachemka. Kila mpita njia amekwisha kujua kwamba ndani hamna mtu.

Mwizi wa nyumba huanza kazi kwa macho. Kufuli linaloning'inia nje usiku na mchana lina habari moja tu: wenyewe hawapo. Taa iliyoachwa ikiwaka hadi saa sita mchana nayo inasema yaleyale.

Warundi wa zamani waliuweka ulinzi ndani ya makazi yenyewe. Rugo, yaani boma la familia, lilikusanya nyumba, ghala na ng'ombe ndani ya uzio mmoja, mara nyingi wa miti hai kama minyaa, ambayo utomvu wake mweupe huunguza macho. Huko Gishora, karibu na Gitega, kwenye makao ya ngoma za kifalme, wageni bado huoneshwa nyumba za nyasi na uzio wake. Lakini nguvu ya rugo haikuwa uzio peke yake. Rugo halikubaki tupu: bibi alikuwapo, mchunga ng'ombe alikuwapo, watoto walikuwapo.

Siku hizi nyumba nyingi hubaki tupu. Gitega ilipofanywa makao makuu ya kisiasa mwaka 2019, wapo watumishi waliohamia huko huku familia zao zikibaki Bujumbura, umbali wa kilomita 100 hivi. Ijumaa jioni wanapanda gari, Jumatatu wanarudi. Ratiba hiyo mtaa mzima unaijua.

Tena mlango si njia pekee ya kuingilia. Ukuta wa matofali mabichi hutobolewa kwa chuma usiku mmoja, na Kirundi kina neno lake kabisa: gutobora. Kwa hiyo fedha zote zisiishie kwenye kufuli. Upande wa nyuma wa nyumba ufyekwe, migomba isiguse ukuta, ili jirani aone anayechimba. Komeo nalo litazamwe vizuri: likiwa limefungwa kwa skrubu zinazoonekana nje, mwizi halihangaikii kufuli, anafungua skrubu tu. Bolti yenye kichwa laini, nati yake ikiwa ndani, humnyima nafasi hiyo.

Wenye uwezo huajiri mlinzi, ambaye Warundi humwita zamu au umuzamu, neno lililotoka kwenye Kiswahili. Asiye na uwezo huo ana jirani au mpwa wa kulala ndani, kuwasha moto jioni na kufagia asubuhi. Kazi hii ndogo ina thamani kuliko kufuli la bei kubwa, na inastahili kulipwa, hata kwa zawadi ya safari.

Hapa wengi husahau jambo moja. Katika miji ya Burundi kaya hutakiwa kuwa na daftari la wakazi, lenye majina ya wanaolala humo pamoja na wageni. Kijana aliyeachiwa nyumba bila kuandikwa anaweza kugeuka mshukiwa wakati wa msako, huku mwenye nyumba yuko mbali na simu haishiki.

Fedha taslimu zisiachwe chini ya godoro, na sababu si wezi tu. Mwezi Juni 2023 Benki Kuu ya Burundi iliziondoa kwenye mzunguko noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la 2018, na wananchi wakapewa siku 10 kuzirudisha. Aliyekuwa safarini na noti zake ukutani alikuwa taabani. Akaunti ya benki au ya fedha za simu inamfaa zaidi msafiri.

Kuweka mtandaoni picha za ufukwe wa Ziwa Tanganyika kunaweza kusubiri hadi familia irudi nyumbani. Habari ya safari imtoshe jirani mmoja anayeaminika na mkuu wa nyumba kumi. Nawe unayejiandaa kusafiri wiki hii, kabla ya kufunga begi, fungua daftari uandike jina la atakayelala kwako.