Neno la kijana si mali ya washabiki

KILA ifikapo mwezi wa saba, pale mpakani Mugina na ng'ambo yake Manyovu, habari huwa ni moja. Bei ya mawese itapanda au itashuka, lakini mjadala mkubwa ni nani anahama Simba kwenda Yanga na nani anatoka Yanga kwenda Simba. Mwenye redio ana lake, mwenye simu ana lake, na utingo aliyetoka Kigoma alfajiri anaapa kuwa amesikia kwa mtu wa ndani. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Sisi Warundi tuna sababu ya kuufuata mjadala huo. Amissi Tambwe, kijana wetu kutoka Vital'O, alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara akiwa na Simba msimu wa 2013/14. Desemba 2014 akavaa jezi ya Yanga, na huko nako akawa mfungaji bora msimu wa 2015/16. Saidi Ntibazonkiza naye alipita Yanga na baadaye akaichezea Simba. Vijiweni watu walibishana mpaka wengine wakanuniana. Hata hivyo, hao walikuwa watu wazima, wenye mikataba, na mpira ndiyo kazi yao.

Ndugu msomaji, leo naomba twende mbali kidogo, hadi Marekani, ambako tetesi za namna hii humwangukia mtoto wa shule. Wapo ndugu zetu waliotoka kambi za Kigoma wakapelekwa huko kuanzia mwaka 2007, na watoto wao sasa wanacheza michezo ya huko. Kwa hiyo habari hii si ya watu wengine tu.

Wamarekani wana mpira wao usiofanana na kabumbu letu. Mpira wenyewe una umbo la yai, huchezwa zaidi kwa mikono, na wachezaji huvaa kofia ngumu kwa sababu ya kugongana. Vyuo vikuu vina timu, na timu hizo si mchezo wa kupitisha jioni. Jimbo la Alabama, kwa mfano, halina timu hata moja ya ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo. Mapenzi ya wananchi yameelekea kwenye vyuo viwili: Chuo Kikuu cha Alabama, kilichopo mji wa Tuscaloosa, na Chuo Kikuu cha Auburn. Uwanja wa Alabama huingiza watu wapatao 100,000, na wa Auburn zaidi ya 80,000.

Watani hawa wa jadi walikutana mara ya kwanza mwaka 1893. Baada ya mechi ya mwaka 1907 walikosana, wakakaa bila kucheza hadi mwaka 1948. Miaka 41! Simba na Yanga hawajawahi kususiana kiasi hicho.

Sasa, wachezaji wa timu hizo hutafutwa katika shule za sekondari. Makocha husafiri kuwaona, na kampuni za kupima vipaji huwapa vijana nyota kama tunavyozipa hoteli. Mwenye nyota tano hufuatwa na vyuo vingi, kila kimoja kikimwahidi ufadhili wa masomo. Kijana anaweza kutamka kwa mdomo kwamba amechagua chuo fulani, lakini tamko hilo halimfungi. Kinachomfunga ni karatasi yenye saini, na kwa miaka mingi siku kuu ya kutia saini ilikuwa Jumatano ya kwanza ya Februari.

Kati ya tamko na saini ndipo washabiki hupata kazi ya kufanya. Kocha gani kaonekana shuleni kwake? Juzi alikwenda kutazama mechi ya nani? Mama yake anapenda chuo gani? Kila dalili hupimwa na kutolewa hukumu.

Mdogo mtu na kaka mtu

Chukua mfano wa Cyrus Kouandjio. Alizaliwa Cameroon, akakulia jimbo la Maryland na kusoma sekondari ya DeMatha. Mwanzoni mwa mwaka 2011 alikuwa na miaka 17, urefu wa mita 2 na uzito uliozidi kilo 130. Kazi yake uwanjani ilikuwa kusimama kama ukuta mbele ya mpiga pasi, adui asimfikie. Alikuwa na nyota tano. Kaka yake, Arie, alikuwa tayari yuko Alabama, na kwa hesabu za kawaida mdogo angemfuata kaka.

Lakini wakati ule upepo ulikuwa umegeuka. Novemba 2010 Auburn walikwenda Tuscaloosa, wakawa nyuma kwa pointi 24 bila kitu, kisha wakarudi na kushinda 28-27. Januari 2011 wakatwaa ubingwa wa taifa. Upande mmoja ulikuwa unacheka, mwingine unauguza kidonda, na katikati yao amesimama kijana wa shule anayetakiwa kuchagua.

Februari 2, 2011, mbele ya kamera za televisheni, Cyrus alitangaza kuwa anakwenda Auburn. Lakini karatasi yenye saini, ambayo enzi zile ilitumwa kwa faksi, haikufika Auburn. Siku chache baadaye kijana alitia saini kwingine: Alabama, aliko kaka yake.

Mfanyabiashara wa mpakani haitaji kufafanuliwa hapo. Umeahidiwa magunia kwa simu usiku, asubuhi unakuta yamepakiwa kwenye lori la mwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari. Auburn walikuwa na neno, Alabama wakapata daftari.

Ni rahisi kumwita kijana huyo kigeugeu. Wazee walisema ahadi ni deni, nami darasani nafundisha hivyo hivyo. Lakini tujiulize: ahadi ile aliitoa kwa nani, na katika hali gani? Mtoto wa miaka 17 aliwekewa kamera usoni, saa na siku zikiwa zimepangwa na watu wazima, taifa zima likimsubiri afungue kinywa. Utaratibu wenyewe uliweka nafasi kati ya neno na saini, na yeye aliitumia. Hakumwibia mtu.

Ushabiki unapovuka mpaka

Wiki hiyo hiyo lilikuwapo jambo jingine lililoonyesha ni watu wa aina gani wanaomzunguka kijana kama huyo. Januari 27, 2011, siku sita kabla ya Cyrus kutoa tamko lake, mshabiki mmoja wa Alabama alipiga simu kwenye kipindi cha redio akijigamba kwamba ameitia sumu miti miwili mikubwa ya mialoni pale Auburn, ambako washabiki hukusanyika kusherehekea ushindi. Haukuwa mzaha. Mtu huyo, Harvey Updyke, alikamatwa Februari, akakiri kosa mwaka 2013 na kufungwa jela. Miti ilikufa, ikang'olewa Aprili 2013. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2020.

Mzee mzima aliua miti kwa sababu ya mpira. Mtu wa namna hiyo anapopiga ramli kuhusu uamuzi wa kijana, hicho si kijiwe tena. Hilo ni shinikizo.

Wakati mwingine shinikizo hutoka ndani ya nyumba. Januari 2012 Landon Collins, kijana wa Louisiana, alitangaza kwenye televisheni kwamba anakwenda Alabama. Mama yake, aliyekuwa ameketi karibu naye, hakuficha masikitiko. Alisema wazi kuwa yeye anapenda LSU, chuo kikuu cha jimbo lao. Mtoto alishikilia uamuzi wake. Mwaka 2015 alisajiliwa na New York Giants.

Na Cyrus je? Oktoba 2011 aliumia goti, akapoteza sehemu ya msimu wake wa kwanza. Alipona. Alabama walitwaa ubingwa Januari 2012 na tena Januari 2013, na mwaka 2014 alichukuliwa na Buffalo Bills ya ligi ya kulipwa. Auburn nao hawakufa. Novemba 2013, Cyrus akiwa bado Alabama, waliwafunga watani wao 34-28 kwa mbio za sekunde ya mwisho ambazo zinasimuliwa hadi leo. Ile hasira yote ya Februari 2011, basi, ilimsaidia nani?

Swali tunalolijua

Mimi nilizaliwa makazi ya Mishamo, Tanzania, wazazi wangu wakiwa wamekimbia mwaka 1972. Nimesoma huko na nimefundishwa kwa Kiswahili. Mwaka 2007 na 2008 familia zetu ziliulizwa: mnabaki na kuomba uraia wa Tanzania, au mnarudi Burundi? Takriban wanne kati ya kila watano walichagua kubaki. Sisi tuliorudi tulikuwa wachache.

Wenzangu mtakumbuka zile wiki. Kisimani, kanisani, gulioni, kazi ilikuwa kubashiri nani ataandika nini. Fulani ameuza baiskeli, basi anarudi. Fulani amepanda migomba mipya, basi anabaki. Wapo waliotamka hili mbele ya majirani, na walipofika mezani kwa karani wakaandika lile. Waliitwa wasaliti. Lakini aliyekuwa anajua shamba lao, mgonjwa wao na ada ya watoto wao ni wao wenyewe. Ndugu waligawanyika, kaka huku na dada kule, na leo wanavuka mpaka kutembeleana kwa harusi na misiba.

Nayasema haya kwa sababu mambo ya Marekani yamezidi kuwa mazito. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Kuhama chuo kumekuwa rahisi kuliko zamani. Ile barua ya zamani ya kutia saini ilifutwa mwaka 2024, na sasa kuna mikataba. Penye fedha maneno huongezeka, na mtoto wa mkimbizi mwenye kipaji atazungukwa na wajomba ambao hakuwahi kuwaona.

Kwa mzazi aliye huko ushauri wangu ni huu. Kwanza, aulize mtoto atasomea nini, na ufadhili utakuwaje goti likivunjika. Pili, asikubali mtoto atamke lolote hadharani kabla karatasi haijasomwa nyumbani, mstari kwa mstari, na mtu anayeielewa lugha yake. Tatu, kijana akisema bado hajaamua, aheshimiwe. Hilo nalo ni jibu.

Na sisi tuliobaki huku tunao vijana wanaosubiri kuchaguliwa shule, ama upande huu wa mpaka ama ule. Tubashiri mpira tutakavyo, hiyo ni burudani yetu. Mtoto wa jirani tumwache achague, na akishachagua tumchangie nauli.