Kipimo kifuani, mionzi mfupani

Mwanaanga huvaa kifaa kidogo cha kupima mionzi. Kifaa hicho kinajua kilichofika kwenye nguo tu. Ini limepata kiasi gani, au uboho ulio ndani ya nyonga, hakijui. Na mtu aliye hai hawezi kupasuliwa apachikwe vipimo. Ndiyo maana wataalamu wakaunda binadamu wa kwenye kompyuta.

Wale wa miaka ya 1960, wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, walikuwa vichekesho: kiwiliwili kama pipa lililobonyezwa, viungo vyote vikiwa maumbo ya hisabati. Wa leo wametokana na picha za CT-Scan za watu halisi. Mwili umegawanywa vijipande mamilioni, kila kimoja kikitambulishwa: mfupa, pafu, mafuta, ngozi. Mwaka 2009 ICRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, ilitoa mwanamume wa mfano wa sentimita 176 na kilo 73, na mwanamke wa sentimita 163 na kilo 60.

Programu huurushia mwili huo chembe moja baada ya nyingine na kuifuata kila moja: imegonga wapi, imeacha nishati kiasi gani. Protoni nyingi za dhoruba ya jua huishia nyama za juu, kwa hiyo mwili wenyewe hujikinga. Miale inayotoka nje ya mfumo wa jua haijali; hupenya, na ikigonga ukuta wa chombo huzaa chembe nyingine, nyutroni zikiwemo.

Hesabu hizo zilihitaji shahidi. Novemba 2022 Artemis I, safari ya NASA, iliruka kuelekea Mwezini bila mtu, ila ilibeba Helga na Zohar, viwiliwili vya kike vya plastiki, kila kimoja vipande 38, vilivyosheheni vipimo. Zohar alivalishwa fulana ya kinga, Helga hakuvalishwa.

Mwaka huohuo NASA iliweka kikomo kimoja kwa wote, milisiveti (kizio cha kipimo cha mionzi) 600 kwa maisha yote ya kazi, kwa kukadiria hatari kwa mwanamke wa miaka 35. Ni uamuzi wa haki, maana zamani wanawake walifikia ukomo mapema. Tatizo ni Mars: kipimo kilichosafiri na Curiosity, gari la NASA la kuchunguza sayari hiyo, kilionyesha kwamba kwenda na kurudi pekee hufikia takriban 660. Siku za kukaa huko hazijahesabiwa.