Maziwa Yanaposingiziwa

Mtoto wa miezi tisa anapohara kwa siku ya nne katika kijiji cha Kata ya Kwedizinga, wilayani Handeni, shauri huanza barazani kabla ya kufika zahanati. Bibi hulishika tumbo lililojaa gesi, hulisikiliza likinguruma, kisha hutoa hukumu kwa upole: "Mwanangu, maziwa yako yamemkataa mtoto." Jirani huongeza kwamba huo ni mchango. Mwingine, kwa sauti ya chini, hutaja kubemendwa, na hapo mama kijana huinamisha macho, kwa kuwa neno hilo humtuhumu yeye na mumewe mbele ya watu. Ifikapo jioni mtoto amenyimwa ziwa, anapewa uji mwepesi wa mahindi na maji ya mizizi, na siku ya sita huwa dhaifu kuliko alivyokuwa siku ya nne.

Katika hukumu ya bibi imo chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayoifanya iaminike upesi.

Maziwa ya mama yana sukari iitwayo laktosi, takribani gramu 7 katika kila mililita 100. Ya ng'ombe yana gramu 5 hivi. Sukari hiyo haipenyi ukuta wa utumbo ikiwa nzima. Sharti ikatwe vipande viwili na kimeng'enya chake maalumu, ambacho hukaa kwenye ncha za vinyuzi vidogo sana vilivyotanda ndani ya utumbo mwembamba mithili ya nyuzi za taulo. Kimeng'enya kikipungua, sukari huteremka hadi utumbo mpana, huvuta maji, na bakteria huichachusha. Ndipo huja gesi, mngurumo, na choo cha majimaji chenye povu na harufu ya uchachu, kinachochubua makalio ya mtoto.

Wako watoto wanaozaliwa bila kimeng'enya hicho kabisa, lakini ni wachache mno duniani. Wengi wa waliowahi kuelezwa na madaktari ni wa Finland. Mtoto huyo hahari kwa mara ya kwanza akiwa na miezi tisa. Huhara tangu siku zake za mwanzo za kunyonya na hazidi uzito. Aliyenyonya miezi tisa, akanenepa, akaanza kutambaa, amekwisha kuthibitisha kwamba utumbo wake unaijua sukari ya maziwa.

Kilichobadilika, basi, ni utumbo. Virusi vya rota na vijidudu vingine vya kuhara hushambulia zile ncha za vinyuzi mahali kimeng'enya kinapokaa, vikazifyeka kama nzige wafyekavyo vichipukizi vya mahindi. Kwa siku kadhaa, au hata wiki chache, mtoto hushindwa kuisaga sukari yote aliyozoea kuisaga. Hali hii hupita. Utando wa utumbo hujijenga upya upesi, mradi upate chakula cha kujijengea, na hapa ndipo kumwachisha ziwa kunapogeuka kuwa madhara: mtoto hupoteza maji, nishati, protini na kinga vilivyokuwa ndani ya maziwa ya mama, katika siku zile zile anazovihitaji kuliko wakati mwingine wowote. Hata sehemu ya sukari ikimponyoka, faida ya ziwa hubaki kubwa kuliko hasara yake. Shirika la Afya Duniani husisitiza kwamba mtoto anayehara anyonyeshwe zaidi, si pungufu. Apewe pia maji ya ORS, pakiti moja ya lita moja ikichanganywa katika lita moja kamili ya maji salama na yakishapita saa 24 yamwagwe, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi sita, na 20 kwa aliyezidi hapo. Zinki huachwa njiani mara nyingi, choo kikishakuwa kizito. Imalizwe.

Mshitakiwa halisi mara nyingi hakufikishwa barazani. Handeni ni nchi ya kiu. Mradi mkongwe wa HTM huchota maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi Handeni, lakini bomba likikauka watu hurudi kwenye malambo wanayonywea pia mifugo. Mtoto wa miezi tisa ndiye anayeanza kula uji uliokorogwa kwa maji hayo na kutia mkononi na mdomoni kila anachokiokota. Maziwa ya mama, kitu pekee alichokula ambacho hakikupitia ndoo wala sufuria, ndiyo yanayohukumiwa. Tangu mwaka 2013 Tanzania hutoa chanjo dhidi ya virusi vya rota, matone ya mdomoni kwa mtoto mchanga. Kadi ya kliniki huonyesha kama aliyapata.

Wapo akina mama wanaoacha wenyewe kunywa chai ya maziwa wakidhani wanampunguzia mtoto sukari hiyo. Jitihada hiyo haina matokeo: sukari ya maziwa hutengenezwa ndani ya ziwa lenyewe, na kiasi chake hakitegemei alichokula mama. Kwa kichanga mwenye gesi nyingi na choo cha kijani chenye povu, lakini anayezidi uzito vizuri, jambo la kwanza ni kumwacha amalize ziwa moja kabla ya kuhamishiwa la pili, ili apate maziwa ya mwisho yenye mafuta mengi, yanayopita tumboni taratibu. Tena ikumbukwe kwamba choo laini mara nyingi kwa siku ni kawaida ya mtoto anayenyonya tu.

Kwa mtoto mkubwa kidogo habari ni nyingine. Baada ya umri wa kunyonya kupita, kimeng'enya hupungua polepole kwa watu wengi wa dunia. Takribani theluthi mbili ya binadamu hufika utu uzima wakiwa nacho kidogo. Wengine hubaki nacho. Mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha katika jarida la Nature Genetics matokeo ya kupima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudani, wakaonyesha kwamba uwezo wa kunywa maziwa ukubwani ulichipuka Afrika Mashariki kwa mabadiliko ya vinasaba tofauti na yale ya Ulaya, miongoni mwa jamii zilizoishi na ng'ombe kwa maelfu ya miaka. Ndiyo maana Handeni mtoto wa mfugaji wa Kimaasai aweza kumaliza kikombe cha maziwa mabichi akaenda kucheza, na mwenzake wa darasa moja akashikwa na tumbo kwa kikombe hicho hicho. Hata hivyo kabila si kipimo. Wazigua nao walifuga ng'ombe katika karne ya 19, kabla ya sotoka na njaa za miaka ya 1890, na kabla mapori na mbung'o havijaitwaa nchi. Ndani ya nyumba moja ndugu wawili waweza kutofautiana.

Dawa ya hali hii imo kibuyuni. Maziwa yakigandishwa kuwa mtindi, bakteria hula sehemu ya sukari yake, na walio hai huendelea kuisaga tumboni mwa mtoto. Hata kwa mtoto aliyeharisha siku 14 au zaidi na ambaye hunywa pia maziwa ya ng'ombe, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kuzidisha ziwa la mama na kubadili ya ng'ombe kuwa ya mgando. Maziwa yachemshwe kwanza, kwa sababu ya kifua kikuu na homa ya kutupa mimba ya ng'ombe. Ila kuchemsha hakuondoi sukari, na kuzimua kwa maji humnyima mtoto chakula tu. Aliye chini ya miezi sita hapewi mtindi wala maziwa ya ng'ombe. Pale maziwa yanapokosekana kabisa, dagaa waliosagwa pamoja na mifupa yao hutia uji madini ambayo yangetoka katika maziwa.

Damu katika choo, vipele, kukoroma kifuani au kuvimba midomo baada ya maziwa ya ng'ombe si suala la sukari. Huenda ni mzio wa protini, na mtindi hautausaidia. Macho yaliyodumbukia, utosi uliobonyea, au mtoto anayeshindwa kunywa, ni safari ya zahanati saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Kwa mtoto wa miaka mitano au sita anayelalamika tumbo kila anywapo maziwa, mzazi aweza kuyasitisha kwa wiki mbili, kisha akayarudisha kidogo kidogo: robo kikombe, pamoja na chakula, siku tatu mfululizo, halafu nusu. Wengi huvumilia nusu kikombe bila shida.